WINGU LISILOTEMBEA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu nimetakiwa niandike somo moja la historia au la jiografia, lolote nipendalo. Nimechagua mlima wetu Kilimanjaro, na jinsi msafiri mmoja wa misioni alivyouona zamani, akastaajabu, akaandika aliyoyaona, na baadhi ya wenye elimu wakakataa kumsadiki. Huenda mtu akasema, "Habari za Kilimanjaro twazijua sote; ukichungulia dirisha la bweni unauona." Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo mpaka likizo ya Desemba iliyopita. Basi nisikilizeni kidogo, kwa maana nina deni katika jambo hili, na ni vema nilitaje kwanza.

Tulipokuwa Kidato cha Pili alihamia kwetu mwenzetu mmoja kutoka mkoa wa Lindi. Alifika usiku, asione kitu. Asubuhi yake tulipopanga mstari uwanjani, mlima ulikuwa wazi kabisa. Yeye akautazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, lile wingu jeupe, mbona halitembei?" Nikacheka. Tena sikucheka peke yangu. Niliwageukia wenzangu nikawaambia maneno yake, nao wakacheka, na kabla ya kengele ya mapumziko alikwisha pewa jina la Bibi Wingu. Jina hilo likamganda mwaka mzima. Tangu siku ile sikumsikia akiuliza swali, wala mstarini wala darasani. Mwalimu alipouliza, "Nani hakuelewa?" yeye aliinamia daftari lake. Mtihani wa mwisho wa mwaka ule hakufanya vizuri. Sitaki kusema kwamba kicheko changu ndicho kilichomwangusha, lakini sithubutu kusema kwamba sicho.

Hilo ndilo deni. Sasa tuingie katika somo.

1. NILIVYOUONA MLIMA NIKIWA TAVETA

Kwetu ni Rombo, upande wa mashariki wa mlima. Wageni hudhani kwamba sisi tuliozaliwa ubavuni mwake ndio tuujuao zaidi. Si kweli. Mtu akikaa chini ya migomba huona migomba. Na hata akitoka uwanjani, kwetu Mawenzi ndiye asimamaye mbele, na Kibo hujitokeza nyuma ya bega lake tu. Mimi nilikuwa nikiuona mlima kama mtu aonavyo ukuta wa nyumba yake, yaani bila kuutazama.

Likizo ya Desemba mama mdogo alinichukua tuvuke naye mpaka kwenda gulio la Taveta. Tuliondoka alfajiri na mikungu yetu ya ndizi, tukashuka mpaka Holili. Hapo mpakani maofisa wa nchi mbili huketi katika jengo moja. Ukishamaliza na wa Tanzania unageukia wa Kenya. Jua lilipochomoza tulikuwa tumekwisha panga ndizi zetu chini. Taveta ni mji mdogo wa tambarare, wenye joto na vumbi, na watu wake wengi ni wachuuzi. Husikia Kiswahili cha kila namna: cha Wataveta wenyewe, cha Wataita, cha Wakamba, na chetu cha mlimani ambacho wao hukicheka kidogo.

Niliinua kichwa nikatazama kaskazini-magharibi. Nikanyamaza. Mlima wote ulikuwa mbele yangu, toka chini hata juu, bila kipande kilichofichwa. Mawenzi alikuwa mkono wa kuume, mweusi, amechongoka kama jino lililovunjika. Kibo alikuwa mkono wa kushoto, mviringo, mpana, na juu yake ile nyeupe ikipigwa na jua la asubuhi. Kati ya Taveta na kilele ni kama kilomita 50, na katika nafasi yote hiyo hakuna kilima kingine cha kushindana naye. Mikono yangu ilikuwa imeshika mkungu, nikasahau kuutua.

Mama mmoja muuza maharagwe, aliyekuwa amekaa karibu nasi, aliniona. Akasema, "Wewe msichana watoka huko huko mlimani, si ndiyo? Hebu niambie, ile nyeupe ni nini hasa? Umeigusa?"

Nikamjibu, "Ni theluji, mama." Akauliza, "Na mbona haiyeyuki, na jua ni hili hili linalotuchoma hapa?" Sikuwa na jibu. Akauliza tena, "Na mbona kila mwaka naona imepungua?" Hapo pia sikuwa na jibu. Yeye hakunicheka. Alisema tu, "Basi ukirudi shuleni uwaulize walimu wako, halafu uje uniambie." Nikaona haya, kwa kuwa nilimkumbuka yule mwenzangu wa Lindi. Mimi nilikuwa nalijua jina la kitu, nikadhani nakijua kitu chenyewe.

2. MSAFIRI WA 1848

Shule ilipofunguliwa nilimwendea Mwalimu wetu wa Historia, naye akanielekeza maktabani. Hapo ndipo nilipojifunza habari za Johannes Rebmann.

Rebmann alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Gerlingen katika nchi ya Württemberg, aliyezaliwa 1820. Alitumwa na chama cha misioni cha Kiingereza kiitwacho C.M.S., akafika Mombasa mwaka 1846. Huko alimkuta mwenzake Johann Ludwig Krapf, nao wakafanya makao Rabai, nyuma ya Mombasa. Tarehe 27 Aprili 1848 alitoka Rabai kwenda nchi ya Wachagga akiwa na watu wachache tu, na kiongozi wa njia akiwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezoea safari za bara. Wakati huo hakukuwa na mpaka, wala Kenya, wala Tanganyika. Palikuwa na nyika ya miiba, ukosefu wa maji, na njia za misafara ya biashara.

Walipita Taita. Tarehe 11 Mei 1848, asubuhi, walipokuwa wakikata nyika wakielekea upande wa Taveta, Rebmann aliona kitu cheupe ajabu juu ya mlima mrefu. Je, msomaji, wajua alidhani ni nini? Alidhani ni wingu! Ndivyo alivyoandika mwenyewe katika habari za safari yake. Lakini alipokwenda hatua kadhaa mbele, akaona kwamba jibu lile halimtoshi. Akamwuliza kiongozi, naye akaiita ile nyeupe kwa neno moja: baridi. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, akafahamu mara moja kwamba baridi hiyo haiwezi kuwa kitu kingine ila theluji. Akajawa na furaha na hofu njema, akaketi kupumzika, akafungua Biblia yake, akasoma Zaburi ya 111 isemayo juu ya matendo makuu ya Mungu.

Niliposoma habari hii nilifunga kitabu. Mtu ambaye jina lake tunaliandika katika mitihani, tunayepata alama kwa kumtaja, alianza mahali pale pale alipoanza mwenzetu wa Lindi. Wote wawili waliona wingu lisilotembea. Tofauti ni kwamba Rebmann alipouliza, aliyeulizwa alimjibu kwa neno alilokuwa nalo. Mwenzetu alipouliza, aliyeulizwa alicheka.

3. WALIOKATAA KUSADIKI

Habari za Rebmann zilichapishwa London mwaka 1849 katika jarida la chama chake. Wako waliofurahi, na wako waliokataa. Mkubwa wa waliokataa alikuwa Bwana W. D. Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyesoma vitabu vingi juu ya Afrika. Yeye hakuwahi kukanyaga nchi hizi. Mwaka 1852 alitoa kitabu chake juu ya bara la ndani la Afrika, na humo akashikilia kwamba theluji ile ni ndoto tu ya mtu aliyeona kwa mbali.

Tusimdhanie Bwana Cooley kuwa mjinga. Alitaka ushahidi, na kutaka ushahidi ni jambo jema. Kosa lake lilikuwa jingine. Ushahidi ulipokuja hakuupokea. Novemba 1849 Krapf naye aliuona mlima ule na weupe wake, na tarehe 3 Desemba mwaka huo huo, akiwa Ukambani, akaona mlima wa pili wenye theluji, yaani Mlima Kenya. Mwaka 1861 Baron von der Decken alifika Uchaggani pamoja na Thornton, mtaalamu wa mawe. Mwaka 1862 akarudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na huko theluji ikawaangukia. Jamii ya Jiografia ya London ikampa Decken nishani ya dhahabu mwaka 1864. Walakini Bwana Cooley hakubadili neno lake. Mwaka 1871 mmisionari mwingine, Charles New, alipanda mpaka penye theluji yenyewe. Na tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni.

Tena kuna jambo la kushangaza. Wasomi wa Ulaya walikwisha jua kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, kwa kuwa mlima Chimborazo wa Ekwado ulijulikana vizuri, na Alexander von Humboldt alikwisha ukwea sehemu kubwa mwaka 1802. Kwa nini basi iwe vigumu kusadiki kwamba Afrika nayo ina mlima wa namna hiyo?

4. KWA NINI HAIYEYUKI?

Sasa namjibu yule mama wa Taveta, na hapa naomba wenzangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wafuatilie kwa kalamu.

Jua halipashi hewa joto moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Hupasha ardhi kwanza, na ardhi ndiyo ipashayo hewa iliyo karibu nayo. Hewa ile ikipanda juu, hukuta uzito wa hewa umepungua, hutanuka, na ikitanuka hupoa. Ndiyo sababu kadiri unavyopanda ndivyo baridi izidivyo. Kwa wastani, kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua karibu digrii 6.

Sasa tuhesabu. Tuseme pwani wastani wa joto ni digrii 27. Kilele cha Kibo ni mita 5,895, yaani karibu elfu sita. Zidisha 5.9 kwa 6, utapata kama 35. Ondoa 35 katika 27, utapata digrii 8 chini ya sifuri. Maji huganda kwenye sifuri. Kwa hiyo jua lile lile linalomchoma mchuuzi gulioni halina nguvu ya kuipasha hewa ya kileleni hata ifike penye kuyeyusha. Mawenzi mwenye mita 5,149 hana kofia kubwa ya barafu kama Kibo, kwa sababu ni mfupi kuliko mwenzake na mabavu yake yamechongoka mno, theluji haipati mahali pa kulala.

Kadhalika wazee wetu wana hadithi yao. Babu yangu hutusimulia kwamba Mawenzi alikuwa mvivu, kila mara moto wake ukizimika alikwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi, ndipo akapata mapengo yale. Wataalamu wanasema milima hii yote ilitokana na moto wa chini ya ardhi. Mawenzi ulizimika zamani sana ukaliwa na mvua na upepo, na Kibo ni mdogo wake kwa umri. Naona kwamba mtunga hadithi naye alitazama kwa makini. Aliona kwamba mmoja amevunjika na mwingine mzima, tena alijua kwamba habari yao ni habari ya moto.

5. NANI ALIKUWA WA KWANZA?

Katika mitihani twaulizwa, "Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro ni nani?" nasi tunaandika Rebmann, mwaka 1848. Jibu ni sawa kama swali lilivyoulizwa. Lakini nilipomwuliza babu swali hilo likizoni, alikaa kimya, kisha akasema, "Mjukuu wangu, na Mchagga wa kwanza kuuona ni nani?"

Sikumwelewa. Baadaye nilipokuwa nikisoma, niliona kwamba Rebmann mwenyewe alilijua jambo hilo kuliko sisi. Hakudai kwamba aliuvumbua mlima. Aliandika kwamba Wachagga waliiita ile theluji Kibo. Tena aliandika masimulizi aliyopewa: kwamba zamani Rungua, mtawala wa Machame, alituma kundi la watu wapande wakachunguze ile kitu nyeupe, kwa kuwa ilidhaniwa kuwa fedha. Wengi walikufa kwa baridi. Mmoja aitwaye Sabaya alirudi hai, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi.

Fikiri, msomaji. Miaka mingi kabla ya ubishi wa London, watu wa mlimani walikwisha uliza swali, wakatuma watu kutafuta jibu, na jibu likalipiwa kwa maisha. Sabaya hakuandika kitabu. Mikono na miguu yake iliyoharibika ndiyo iliyokuwa kitabu chake, na majirani wakakisoma.

Babu mwenyewe katika ujana wake alikuwa mpagazi wa wageni wapandao mlima. Mimi sikupata kumwuliza habari hizo hata siku moja! Nilikuwa nimekwenda Taveta kuaibika mbele ya muuza maharagwe, hali jibu lilikuwa limekaa nyumbani kwetu linaota moto. Nilipomwuliza kama ameigusa, alicheka, akasema, "Nimeigusa, nimeitafuna, nimeichemsha chai. Mwanzo huiuma mikono kama moto." Kisha akaongeza maneno yaliyonifanya niandike somo hili. Alisema, "Lakini mahali nilipoigusa mimi, wajukuu zangu wakienda leo watakuta mawe."

6. KIBO INAVYOPUNGUA

Babu na yule mama wa Taveta waliona kweli. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa, ilikuwa imefunika eneo la karibu kilomita 12 za mraba. Ilipopimwa mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 2 za mraba. Maana yake, katika kila sehemu 100 zilikuwa zimekwenda 85. Sababu si moja. Dunia inazidi kupata joto, na tena mlimani hewa imekuwa kavu na theluji mpya ni chache, kwa hiyo barafu ya zamani haipati cha kuifunika. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitoa taarifa kwamba barafu ya Kilimanjaro ni miongoni mwa zile zitazoweza kutoweka ifikapo mwaka 2050. Mimi nina miaka 17. Mwaka 2050, Mungu akinijalia uzima, nitakuwa sijafikia umri wa babu yangu. Kusini karibu na kilele kuna kipande cha barafu kiitwacho kwa jina la Rebmann. Hicho nacho kinakwisha.

Wengi husema, "Barafu ikiisha maji yatakwisha." Nimejifunza kwamba hapo lazima tupambanue. Maji yanayoletwa na barafu mitoni ni kidogo. Maji mengi ya mlima hutoka katika msitu, kwa maana msitu ndio upokeao mvua nyingi na ukungu, ukaihifadhi ardhini, ikatoka chini kwa chemchemi. Maji hayo ndiyo wazee wetu waliyoyaongoza kwa mifongo mpaka kwenye migomba. Maji hayo hayo hupita chini ya ardhi mpaka Ziwa Chala, ambalo limegawanywa na mpaka, nusu yake Kenya na nusu Tanzania. Kwa hiyo mtu ahuzunikaye kwa barafu huku akikata miti ya msituni au akichoma nyasi ovyo, hajaelewa somo. Mwaka 2020 moto ulipowaka mlimani, wengi wetu tuliuona usiku kama mkufu mwekundu. Barafu hatuna uwezo wa kuirudisha sisi peke yetu, lakini msitu uko mikononi mwetu.

7. MLIMA NA MPAKA

Kabla ya kumaliza, niseme kidogo juu ya mpaka, kwa kuwa niliuvuka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi hizi. Mstari wao ulitoka pwani kupita Ziwa Jipe, ukaiacha Taveta upande wa Waingereza, ukazunguka chini ya mlima, ukaenda mpaka Ziwa Viktoria. Watu husimulia kwamba Malkia Viktoria alimpa mlima mjukuu wake Kaisari Wilhelm awe na zawadi ya siku ya kuzaliwa. Habari hii inapendeza kusikia, walakini si kweli: Wilhelm alipata kuwa Kaisari mwaka 1888, na mapatano yalikuwa 1886. Mwaka 1914 vita ilipoanza, Taveta ilitekwa na Wajerumani, ikarudishwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1916. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliwasha mwenge kileleni, na kilele kikaitwa Uhuru.

Basi mlima u Tanzania, na kilele ni chetu. Walakini uzuri wake wote nilioneshwa nikiwa Kenya, chini, nimekaa na wageni. Nadhani ni vema kila mtu mara moja katika maisha yake aende mahali ambapo atauona mlima wa kwao kwa ukamilifu, pamoja na mtu atakayemwuliza maswali.

8. MWISHO

Bwana Cooley alikuwa na vitabu vingi, akakosa. Bwana Kheri alikuwa na neno moja, baridi, akasema kweli. Rebmann alidhani wingu, akauliza, akapata. Yeye aliishi Rabai miaka mingi, akapofuka macho, akarudishwa kwao 1875, akafa 1876. Macho yaliyoona theluji ya Kibo hayakuiona tena, lakini aliyoyaandika yamebaki.

Mimi nimekuwa Cooley wa uwanja wa shule. Na yule dada wa Lindi, ambaye sasa tuko naye Kidato cha Nne, anayakumbuka yote. Juma lililopita nilimwendea bwenini, nikamwomba radhi, nikampa karatasi hizi azisome kabla ya Mhariri. Alizisoma mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Na Mawenzi aliwaka mpaka lini?" Sikujua. Tumekubaliana Jumamosi twende wote maktabani tukatafute.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini joto hupungua kadiri mtu anavyopanda juu.

2. Ikiwa wastani wa joto pwani ni digrii 27, kadiria wastani wa joto mahali penye urefu wa mita 3,000.

3. Taja mambo mawili yaliyothibitisha maneno ya Rebmann baada ya mwaka 1848.

4. Kwa nini msitu wa mlima ni muhimu kwa maji kuliko barafu?

5. Mwulize mzee mmoja wa kwenu jambo alilolishuhudia kwa macho yake juu ya mlima, mto au ziwa la karibu. Andika ukurasa mmoja, ukiyaandika maneno yake kama alivyoyasema.